Bucha Aliyefungua Magogo

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliuza nyama kwa miaka thelathini na mmoja, na mtaani hakuna aliyejisumbua kulijua jina lake. Alikuwa Bucha. Mkewe alikuwa Mama Bucha, na watoto wao, hata yule aliyekuja kuwa mwalimu, walibaki watoto wa Bucha. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, na aproni yake nyeupe ilifuliwa kila jioni mpaka ikalainika kama nepi ya zamani. Maneno hakuwa nayo mengi, lakini aliyokuwa nayo yalikuwa na chumvi. Mteja akimwambia, "Nikatie pasipo mfupa," alijibu bila kuinua macho, "Hata wewe una mifupa, na nyumbani wanakupenda hivyo hivyo."

Kilichomtoa dukani ni baridi. Miaka yote ile ya kuingia na kutoka kwenye chumba cha barafu ilimla viungo vya vidole, na bega la kulia likawa halipandi tena. Daktari akamwambia habari ya kubeba mapaja ya ng'ombe imekwisha. Akamwachia duka mwanawe mkubwa, akaenda kukaa nyumbani. Alikaa wiki tatu. Wiki ya nne mkewe alimjia mama akiwa ameshika kichwa.

"Wifi, nakuomba, mchukueni kaka yako hata mchana tu. Amenoa visu vyote vya nyumba. Sasa amehamia kwenye vijiko."

Siku hizo nasi tulikuwa na msiba wetu mdogo. Baba yangu ni mkereza: kipande cha mti kinafungwa kwenye mashine inayozunguka, yeye anakiegemezea chuma chenye makali, na baada ya saa moja kilichokuwa gogo kimekuwa bakuli. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mabati, ubavuni mwa saluni. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ushonaji na kazi sijapata, basi nikawa napiga msasa na kupaka mafuta. Kwa miaka mingi Baba alikuwa akiletewa vipande tayari na mzee mmoja mwenye kiwanda cha kupasua mbao, vimekatwa duara na kukaushwa. Vibonge, ndivyo tulivyoviita. Mzee yule akaugua, kiwanda kikafungwa, na Baba akalazimika kununua magogo mabichi na kuyakata mwenyewe.

Alikata vibonge arobaini akavipanga vizuri kwenye rafu, akajipongeza. Siku ya nne, mchana wa jua kali, tukiwa tunakunywa chai, tukasikia ta! kama mtu anayevunja kidole. Halafu ta! Halafu ta, ta! Baba akaweka kikombe chini polepole. Tulipofika kwenye rafu, vibonge vilikuwa vimepasuka kimoja baada ya kingine, vingine ufa mwembamba kama unywele, vingine mpana wa kuingiza kidole.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Mjomba alipoingia kwa mara ya kwanza, mikono nyuma, aproni yake kifuani kwa sababu hakujua kwenda kazini bila aproni. Akatazama rafu. Akachukua kibonge kimoja, akakigeuza.

"Nani amemkata hivi huyu?" akauliza.

"Huyu nani?" Baba akasema.

"Huyu." Akampa kile kibonge mkononi.

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini tangu siku ile mpaka leo, Mjomba hajawahi kuuita mti "huu" wala gogo "hili". Kwake ni huyu na yule, amelala, amechoka, ana maji, anakataa.

Alikaa chini akavipanga vile vibonge vilivyopasuka mbele yake, kama alivyokuwa akipanga maini. "Shemeji," akasema baada ya muda, "mimi miti siijui. Lakini nyufa zote hizi zinatoka mahali pamoja." Akaweka kidole kwenye kitone cheusi katikati.

"Huo ni moyo wa mti," Baba akasema. "Kila fundi anajua unatakiwa kutolewa."

"Kama kila fundi anajua, mbona umeuacha?"

Baba akaangalia viatu vyake. Aliuacha kwa sababu ukitoa moyo unapoteza mbao, na yeye alikuwa na haraka.

Kesho yake Mjomba akaja saa moja asubuhi, na keshokutwa, na hakuondoka tena. Kufunga kitu kwenye mashine hakutaka hata kuonyeshwa. Alichotaka yeye ni kazi iliyo kabla ya hapo, ile ambayo anayenunua bakuli haioni. Gogo likija bichi alilikata kwa urefu uliozidi kidogo upana wake. Akalipasua katikati, sawasawa juu ya moyo, halafu kila nusu akaikata unene wa kidole gumba upande wenye moyo, moyo wote ukatoka ukatupwa. Akachora duara kwa bikari ya chuma, akaizungusha ile nusu kwenye msumeno wa mkanda, polepole, midomo ameikaza. Kisha alinikabidhi mimi. Kazi yangu ilikuwa kuyeyusha nta kwenye sufuria na kupaka zile pande mbili ambako nyuzi za mti zinakatika. Mjomba mwenyewe ndiye aliyegundua sababu, kwa kutazama tu: maji ya mti hutoka kwa haraka kupitia ncha za nyuzi na taratibu kupitia ubavu, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, sehemu moja imeshakauka inajikunja na jirani yake bado imelowa. Ukiziba ncha kwa nta, kibonge kizima kinakauka kwa mwendo mmoja.

Akaleta mizani yake ya dukani. Ilikuwa kubwa, ya kuning'inia, yenye uso wa saa. Kila Jumatatu alipima kila kibonge na kuandika uzito kwa penseli juu ya mti wenyewe. Tarakimu zikawa zinashuka wiki hadi wiki. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya kibonge kimoja, miwani imemshuka puani.

"Mpwa wangu, njoo. Huyu aliingia na kilo nne na robo. Leo ana kilo mbili na nusu. Karibu kilo mbili zimetoka humu ndani."

"Ni maji, Mjomba."

"Najua ni maji. Yameenda wapi? Chini kukavu, rafu kavu. Kilo mbili za maji zimepita hapa mbele ya macho yetu, na hakuna aliyeziona."

Alikuwa akiongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kwenye chumba cha mgonjwa. Nikadhani ni uzee unaanza. Sasa najua ulikuwa mwanzo wa jambo jingine.

Mwaka wa pili wa kazi yake, barabara kubwa ilipanuliwa, na mti uliokuwa mbele ya posta ukakatwa. Ulikuwa mti mkubwa kuliko yote niliyopata kuiona. Watu wanne walioshikana mikono hawakuweza kuukumbatia. Shina likaenda kupasuliwa mbao, matawi yakaenda kuwa kuni, kikabaki kipande kimoja kando ya mtaro: lile panda, mahali ambapo shina liligawanyika likawa matawi mawili. Halikufaa kwa mbao kwa sababu lilikuwa limepinda. Halikufaa hata kwa kuni. Shoka lilikuwa likidunda juu yake na kurudi. Watu wakaanza kulikalia wakisubiri foleni ya posta.

Mjomba alilizunguka mara moja tu, akaenda kumwona msimamizi wa barabara.

"Chukua," msimamizi akamwambia. "Utakuwa umetusaidia."

Lilikuja kwa mkokoteni, likisukumwa na watu sita, wote wakilaani. Lilipotupwa uani, nyumba ilitikisika na mama akatoka jikoni kuuliza kama kuna mtu amekufa.

Siku tatu Mjomba hakuligusa kwa msumeno. Alilizunguka. Aliosha ncha zake kwa maji na brashi, akainama, akapiga magoti, mara juu, mara chini. Baba alikuwa na vibonge vinavyomsubiri na uvumilivu wake mfupi.

"Shemeji, huyu ni kuni."

"Umesikia ulivyomwita? Umesema huyu," Mjomba akamjibu, na Baba akaondoka akinung'unika.

Siku ya tatu aliniita. Alikuwa ametia alama tatu za chaki. "Ana mioyo mitatu. Miwili huku juu, kila tawi na wake. Mmoja huku chini, wa shina. Mahali fulani humu ndani imekutana, na sijui imekutana vipi. Nataka nipite juu ya yote mitatu kwa mkato mmoja. Tukikosea kidole kimoja, hatutaona kitu."

Msumeno wa injini aliushika Baba, kwa kuwa bega la Mjomba halikuuweza. Mjomba alitangulia mbele yake akitembea kinyumenyume, mkono umenyooshwa, akimwelekeza kama mtu anayeegesha lori. Msumeno haukuwa mrefu wa kutosha kufika ng'ambo, hivyo walikata upande mmoja, wakageuza kwa mitaimbo, wakakata upande wa pili, na katikati pakabaki pameshikana. Baba akazima injini. Masikio yakawa yanalia kwa ule ukimya. Mjomba akaingiza kabari tatu za chuma na kuanza kuzigonga kwa zamu, bila haraka. Mlio wa kabari ulianza mwembamba, ukawa mzito, kisha kitu ndani kikaguna kwa muda mrefu, na lile panda likafunguka, nusu moja ikaanguka huku, nyingine kule.

Mjomba akainama akafuta unyevu kwa aproni yake.

Sijui niseme niliona nini. Mpaka leo watu wakiniuliza, mikono yangu ndiyo inayojibu kwanza. Kuanzia chini, pale palipokuwa shina, kilipanda kitu kama unyoya wa ndege ambaye hakuna aliyemwona, mrefu kama mtoto wa miaka minne, mshipa mweusi katikati na nyuzi zinamwagika pande mbili, za kahawia, za dhahabu, nyingine nyekundu kama kutu. Ukisogeza kichwa, mwanga ulitembea juu yake. Nilisogea kushoto, ukanifuata. Nikasogea kulia, ukarudi. Na ile nusu ya pili ilikuwa na unyoya uleule, umegeuzwa, kama viganja viwili vilivyokuwa vimefumbwa.

Mjomba alivua kofia. Kisha akakaa chini pale pale kwenye vumbi la msumeno.

Mwenye saluni, ambaye alikuwa amekuja kulalamikia kelele, alifika na kitana mkononi, mteja wake nyuma akiwa amesukwa nusu kichwa. "Nani amechora?" akauliza.

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa swali ambalo sote tulikuwa nalo.

"Miaka mia na zaidi," Baba akasema taratibu, "imekuwa humu ndani gizani." Mama alitoka na mwiko wake, akatazama, akarudi ndani, na nikamsikia akizima jiko ili arudi kutazama vizuri.

Tulipokaa kunywa chai, Mjomba hakunywa. Alishika kikombe tu.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema, "siku ya kwanza bosi wangu aliponipa kisu. Akaniambia fungua. Nikafungua ng'ombe tumboni. Jamani. Kila kitu kimekunjwa mahali pake. Matumbo yale marefu, ukiyanyoosha yanafika mwisho wa mtaa, yamewekwa kwa mpangilio ambao hata fundi cherehani hawezi. Mapafu, rangi ile. Nikabaki nimesimama, kisu mkononi. Nikasema kwa sauti, 'Nani amepanga hivi?' Bosi alicheka mpaka akakaa. Wenzangu wakacheka. Mwezi mzima walikuwa wakiniita Nani Amepanga." Akazungusha kikombe. "Basi nikajifundisha kutoshangaa. Na nikaweza kweli. Nimefungua maelfu. Nilikuwa nafungua huku nazungumzia mpira."

Baba, ambaye kwa utani hakuwa na mpinzani, alinyanyuka, akachukua kile kikombe kilichopoa, akamwaga, akammiminia shemeji yake chai nyingine.

Lakini mti mbichi haumngoji mtu amalize kushangaa. Lile panda likiachwa vile lilivyo, wiki haingeisha kabla halijapasuka katikati ya ule unyoya. Baba alitaka kuchora duara mara moja na mdomo wa bakuli uwe upande wenye picha, kama tulivyozoea. Mjomba akamshika mkono.

"Ngoja. Huu mchoro ni mnene kiasi gani? Mdomo ukiwa huku, utachimba kuanzia hapa. Utautoa wote kwa chuma, uishie kwenye maranda. Mpwa wangu ataufagia."

Baba akakuna kidevu. "Unataka nifanye nini?"

"Mgeuze. Mdomo uwe upande wa gome. Chimba ukishuka, picha ikungojee chini, kwenye sakafu ya bakuli."

"Na kama haifiki huko? Kama ni ngozi tu ya juu?"

"Basi tutakuwa na bakuli la kawaida, na aibu ni yangu."

Alichora kwa chaki, akafuta, akasogeza bikari upana wa kidole, akafuta tena. Kwenye msumeno wa mkanda nilimwona akisimama katikati kupiga moyo konde. Nusu mbili zile zilitoa vibonge vitano vyenye mchoro. Nilivipaka nta pande zote, si ncha tu, kwa sababu kwenye panda nyuzi zinaelekea kila upande na hakuna ajuaye ncha ni ipi. Hata hivyo, siku ya sita, kimoja kililia ta! tukiwa mezani. Mjomba alisukuma sahani, akaenda, akarudi nacho amekikumbatia. Ufa ulikuwa umepita katikati ya unyoya. Hakula tena siku hiyo, na hatukumlazimisha.

Kibonge kikubwa Baba alikifunga kwenye mashine kikiwa bado kibichi. Alianza na nje, kitako kikapata umbo, akakigeuza na kuanza kuchimba. Maji yalikuwa yakirushwa usoni. Mjomba alisimama palepale yanapoangukia, hakujifuta. Maranda marefu yalipita juu ya bega la Baba kama riboni. Aliondoa gome, akaondoa mbao nyeupe, akafika mbao ya kahawia. Hakuna kitu. Akashuka vidole viwili. Hakuna kitu. Alisimamisha mashine, akapapasa kitako kwa chini kupima unene uliobaki.

"Shemeji, nimebakiza vidole vitatu."

"Shuka kimoja."

Akashuka. Mashine iliposimama, sote watatu tuliinama juu ya bakuli mpaka vichwa vikagongana. Chini kabisa palikuwa na kivuli, kama mtu anayekuja kwa mbali barabarani.

"Tuache hapo," Mjomba akanong'ona. Walilifunga kwenye mfuko wa karatasi likiwa nene, likakaa rafuni miezi saba. Lilipotoka halikuwa duara tena; lilikuwa limevutika kama yai, na mizani ilikuwa imeacha kushuka wiki nne mfululizo. Baba akalirudisha kwenye mashine kulinyoosha. Safari hii alikata kwa chuma alichokinoa Mjomba mwenyewe, ngozi kwa ngozi, na kila ngozi iliyotoka ule unyoya ulisogea karibu, mpaka sehemu yake iliyokuwa ndani ya kibonge kile ikawa imelala yote kwenye sakafu ya bakuli, na mwanga ukatembea juu yake kama siku ile uani.

Baba alimpa Mjomba lile bakuli. Yeye akalipeleka posta, akamwomba meneja aliweke kwenye kaunta, kwa kuwa mti ulisimama mbele ya posta ile ile, wateja waweke humo kalamu. "Watu walikuwa wakimkalia," alisema. "Sasa wamtazame." Mwanzoni hakuna aliyeweka kalamu. Wanaingia, wanainama, wanachungulia. Foleni ikawa haisogei, meneja akalihamishia pembeni.

Mwaka jana Mjomba alinipa chaki na bikari, akasema vidole vyake vimeomba likizo. Gogo langu la kwanza la kufungua mwenyewe lilikuwa la tawi la kawaida, mti unaoota kila uwanja wa shule. Nililipasua vizuri juu ya moyo, nusu zikaachana. Mbao ilikuwa nyeupe tupu, haina mstari wala rangi.

"Hana kitu," nikasema, na nadhani sauti yangu ilionyesha.

Mjomba alikuja akiegemea meza. Alivua kofia, akasimama juu ya ile nusu muda mrefu, kama alivyosimama juu ya lile panda.

"Hana kitu? Inama. Hapana, zaidi. Weka jicho hapa."

Niliinama mpaka pua ikagusa ncha ya gogo. Kwenye mkato palikuwa na vitundu vidogo, maelfu, vidogo kuliko ncha ya sindano, na kwenye kila kimoja palikuwa pakijitokeza kitone cha maji. Vitone vilikua huku tukivitazama. Viwili vikagusana, vikawa kimoja.

"Alikatwa juzi asubuhi," Mjomba akasema nyuma yangu. "Haya yalikuwa njiani kwenda kwenye majani."

Niliweka kidole. Yalikuwa ya baridi. Nta ilikuwa imeshayeyuka na inanuka kwenye sufuria, na brashi ilikuwa mkononi mwangu, lakini hakuna kati yetu aliyeharakisha.